Rubani wa Cessna saa 300, akipanda altralaiti anatua kama gunia. Tatizo liko wapi?

#1 Mbayuwayu
Wakuu, salaam. Nina rafiki yangu, rubani mwenye leseni, karibu saa 300 kwenye Cessna 172, kafundishwa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Mwezi uliopita kanunua altralaiti, yaani kindege chepesi sana, ya mtumba. Kiti kimoja, injini ya stroku mbili imekaa nyuma juu ya kichwa chake, pangaboi linasukuma badala ya kuvuta. Mbele hakuna kitu, ni miguu yake na upepo. Mimi ninayo inayofanana na hiyo, huu ni mwaka wa sita naruka nayo, ndiyo maana kaniomba nimsaidie kuizoea. Tuko Kajiado, kiwanja ni cha nyasi na ni kirefu cha kutosha.

Shida ni kutua. Kupaa hana neno, kona anakata vizuri, anakuja amenyooka mpaka mita mbili tatu kutoka chini. Hapo anafunga gesi, ndege inasita hewani kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, halafu inadondoka. Mara ya kwanza ilidunda kama mpira. Mara ya pili vilevile. Jumamosi ekseli ya nyuma ikapinda. Mimi nimesimama pembeni na redio, "vuta, vuta!", wala haisaidii.

Kiti ni kimoja kwa hiyo siwezi kukaa naye. Na kusema kweli, mtu asiyejua kitu ningemfundisha upesi kuliko huyu. Mnaonaje?

#2 MzeeWaUngo
Ungo nao una kiti kimoja na hatujawahi kusikia mtu kapinda ekseli. Waulizeni bibi zenu walijifunzaje.

#3 NahodhaWaNchiKavu
Ni uzito tu, hakuna fumbo. Cessna ikiwa na watu wawili na mafuta inakaribia tani moja. Hiyo ya rafiki yako, naye akiwa juu yake, ni kilo 200 na kitu. Ukifunga gesi kwenye Cessna inaendelea kwenda kama lori lililopakia. Altralaiti ni baiskeli kwenye upepo wa mbele, ukiacha kukanyaga imesimama. Nyaya, mabomba, magoti ya rubani, vyote vinakokota hewa. Cessna injini ikizimika inateleza 15 kwa 1, yaani mita 15 mbele kwa kila mita moja inayoshuka, hiyo labda 5 kwa 1. Mwambie asifunge gesi yote mpaka magurudumu yaguse.

#4 FundiPlagi
Silensa, ule mzunguko wa injini gesi ikiwa imefungwa, mmeiweka ngapi? Ikiwa chini sana, pangaboi linageuka breki. Watu wanalaumu rubani kumbe ni skrubu moja kwenye kabureta.

#5 BiMwewe
Nahodha, 172 ni kama 9 kwa 1, sio 15. Nimefundisha nayo miaka mingi. Ukiwa futi 1,000 na injini imezima unafika kilomita 2.7 hivi. Altralaiti ya 5 kwa 1 itakufikisha kilomita moja na nusu. Hoja yako imesimama, tarakimu ndiyo imeanguka.

Ila mimi nasema ni macho. Mtu wa Cessna amezoea kuona boneti mbele yake, anapima pua kwa boneti na upeo wa macho. Akipanda kitu kisicho na boneti hana cha kupimia. Tena kwenye Cessna macho yapo juu zaidi. Ndege ikigusa, jicho lake bado limesimama kimo cha mtu mzima. Kwenye hiki chenu, ikigusa, jicho liko kimo cha mtoto wa darasa la pili. Sasa yeye akifika pale ambapo jicho linamwambia "tayari, tumefika", bado hajafika. Anavuta, anafunga gesi, chini yake kuna nafasi ya ng'ombe kupita.

Halafu Mbayuwayu, hiyo redio acha kuitumia kwa "vuta". Mpaka umeona, umebonyeza, umesema, naye amesikia na amefanya, ndege imeshamaliza shughuli zake. Redio iwe ya upepo na ya "zunguka tena" basi.

#6 TraikiYaPwani
Bi Mwewe kaongea. Mkono na mguu vinakumbuka kitu ambacho kichwa kimeshasahau. Mimi nilianza na ndege za fimbo, halafu nikahamia traiki, ile yenye bawa kama la tiara kubwa na upau wa kushika kwa mikono miwili. Kwenye fimbo ukitaka pua ipande unavuta. Kwenye traiki unasukuma upau mbele. Kushoto kulia navyo vimegeuka. Hilo la hewani nilikuwa nimelikariri usiku kucha, nikawa naota nasukuma.

Kilichoniaibisha ni ardhini. Gurudumu la mbele la traiki linaongozwa kwa miguu moja kwa moja, mguu wa kulia ukisukuma linakwenda kushoto, kama baiskeli ukishika usukani kwa miguu. Siku ya kwanza natembea taratibu tu kuelekea mwanzo wa njia, ndege ikaanza kuvuta kushoto. Mguu ukafanya ulichozoea, kulia! Ikazidi kushoto. Nikakanyaga zaidi. Niliishia kwenye mahindi ya watu, pangaboi linakata mabua kama mashine ya majani. Mama mwenye shamba hakusema kitu, alihesabu mabua tu, kisha akanionyesha vidole. Nililipa.

#7 MbebaVitunguu
Samahani wakuu, hii inabeba gunia ngapi za vitunguu? Na bei yake?

#8 Mbayuwayu
Asanteni. @FundiPlagi silensa ni mizunguko 2,000 kwa dakika. @MbebaVitunguu inabeba rubani na wasiwasi wake. @BiMwewe hilo la redio nimekubali, naona aibu.

Nyongeza: anakuja na maili 45 kwa saa. Hiyo ndege mnyanyuo unaisha kwenye 27 au 28 hivi. Kwa hiyo kasi anayo ya kutosha, halafu inapotea sekunde mbili.

#9 MswahiliWaBaridi
Niko Wisconsin, Marekani, huku ndiko wanakodai mambo haya yalikoanzia, miaka ya sabini, mtu alipofunga injini ndogo kwenye tiara la kurukia mlimani. Sheria ya huku, sehemu ya 103, inaruhusu kuruka bila leseni yoyote mradi ndege ina kiti kimoja, ikiwa tupu haizidi paundi 254 (kilo 115), mafuta galoni 5, na haikimbii zaidi ya noti 55 (kama kilomita 102 kwa saa). Kwa hiyo wengi wanajifunza wenyewe na njia ni ile ile ya tangu zamani: kwanza unatembea ardhini siku nzima, kisha unakimbia mpaka gurudumu la mbele linyanyuke, kisha unaruka futi tatu na kutua hapo hapo mbele. Mruko wa kunguru. Mfanye rafiki yako aruke kama kunguru mara hamsini, atapona.

#10 BiMwewe
Sheria ya Marekani haivuki bahari, mwenye kusoma asije akadhani hapa ni kununua na kupaa. Nenda mamlaka ya usafiri wa anga, Kenya ni KCAA, Tanzania ni TCAA, uliza kabla hujalipa hata senti.

Na mruko wa kunguru siupendi. Mnamchukua mtu ambaye tatizo lake ni futi kumi za mwisho, mnampeleka kwenye hizo futi kumi mara hamsini, kila mara gesi inafunguka na kufungwa karibu na ardhi, na njia ya kurukia inazidi kuisha. Apande futi 1,500 asubuhi, afunge gesi taratibu, aone pua inafanya nini, aone kasi inakwisha kwa sekunde ngapi, aguse ule mwanzo wa stoli, pale bawa linapoanza kupoteza mnyanyuo, na kutoka. Huko juu kosa halina ekseli.

#11 NahodhaWaNchiKavu
Mwalimu, huko juu hakuna ardhi ya kupimia macho. Si wewe umesema ni macho?

#12 BiMwewe
Nimesema. Macho anafundishwa ndege ikiwa imesimama. Mkalishe kwenye kiti, bonyezeni mkia mpaka pua ikae kama ya kutua, mtu mmoja aushikilie, naye atazame mwisho wa kiwanja dakika kumi. Asitazame chini ya miguu. Bure kabisa, haichomi mafuta. Na kama kuna mwenye ndege ya aina hiyo yenye viti viwili hapo Kajiado au popote, akakae naye kabla ya haya yote. Hilo lilipaswa kuwa la kwanza.

#13 HewaNyembamba
Mmesahau mko wapi. Wilson yenyewe iko futi 5,546 juu ya usawa wa bahari, na Kajiado mko huko huko. Saa saba mchana nyuzi 28, hewa inakuwa kama ya futi 8,400 hivi. Kwenye hewa hiyo kasi halisi inazidi ile ya kwenye kipimo kwa asilimia 13 hivi. Anaona nyasi zinakimbia, anahisi yuko kasi kupita kiasi, anafunga gesi mapema. Kwenye Cessna hili halikumsumbua kwa sababu alikaa ndani ya boksi la vioo. Hapa nyasi zinapita katikati ya viatu vyake.

#14 Kisulisuli_Jr
Kwa hiyo ukiwa juu milimani inabidi ukae kasi kubwa zaidi kwenye kipimo ili usianguke?

#15 HewaNyembamba
Hapana. Kwenye kipimo namba ni ile ile, ya Mombasa na ya Kajiado. Bawa na kipimo vyote vinakula hewa hiyo hiyo. Kinachobadilika ni jinsi ardhi inavyokimbia na urefu wa njia utakaotumia. Watu wengi wanakosea hapo, usijisikie vibaya.

#16 FundiPlagi
Na injini je? Stroku mbili huko juu inakunywa mafuta mengi kuliko hewa, inakohoa. Kama aliyeuza aliitoa Pwani na jeti kubwa (kitundu cha kupitishia mafuta kwenye kabureta) bado iko ndani, gesi ya chini haitakuwa laini. Rubani anaifungua kidogo, haijibu, anaifungua tena, inaruka. Anaamua kuifunga yote. Unaona?

Kinyume chake ndicho kilichonila. Niliwahi kuhudumia moja huku juu, nikaweka jeti ndogo, ikaimba vizuri mno. Mwenyewe akaipakia kwenye pikapu mpaka Pwani bila kuniambia. Kule hewa ni nzito, jeti ile ile ndogo, mafuta yakawa machache. Pistoni ikashika dakika ya kumi na tano. Bahati alikuwa juu ya ufukwe na maji yamekupwa. Alinipigia akiwa amesimama mchangani, nasikia mawimbi, ananiuliza nilichanganya oili ngapi. Oili ilikuwa sawa, mililita 400 kwa lita 20, hamsini kwa moja. Mpaka leo anasema ni oili.

#17 TraikiYaPwani
Ufukwe wenyewe naujua na jamaa namjua 😂 Sisemi.

#18 PuaChini
Nimesoma majibu yote, hakuna aliyegusa injini ilipokaa. Iko juu, juu ya uzito wote. Ikisukuma, inainamisha pua. Ukiifunga ghafla, ile nguvu ya kuinamisha imeondoka, pua inapanda yenyewe. Kwenye Cessna ukifunga gesi pua inashuka, na mkono wa huyo bwana umezoea kuvuta ili kuizuia. Sasa fikiria: pua inapanda yenyewe, na yeye anavuta juu yake. Mara mbili! Ndiyo hiyo "kusita hewani" aliyoiona Mbayuwayu. Haijasahau kitu nyumbani, imepandishwa pua mpaka kasi ikaisha.

#19 NahodhaWaNchiKavu
Hapo sikubaliani. Pangaboi linapuliza mkia. Ukifunga gesi mkia unakosa upepo, hausukumwi chini tena, pua inashuka. Ya kwangu ilikuwa hivyo.

#20 PuaChini
Ya kwako mkia ulikaa wapi? Kuna za mkia uliokaa ndani kabisa ya upepo wa pangaboi na kuna za mkia wa pembeni. Huwezi kuzipima zote kwa kibaba kimoja.

#21 NahodhaWaNchiKavu
Nilishaiuza, siwezi kwenda kuchungulia.

#22 Mbayuwayu
Ya rafiki yangu sijawahi kuijaribu gesi ikifungwa ghafla nikiwa juu. Niliiruka mara moja tu, na mimi huwa sifungi gesi yote mpaka niguse, ni mazoea. Labda hapo ndipo nimekosea, nilidhani kila mtu anafanya hivyo kwa hiyo sikumwambia.

Kitu kingine, nimemfungia uzi wa sufi mwekundu kwenye bomba la mbele, usawa wa macho, aone kama ndege inakwenda upande. Huo ameupenda sana, anautazama mno.

#23 MzeeWaUngo
Uzi ndani ya uzi. Moderata aunganishe.

#24 Kisulisuli_Jr
Swali la kijinga: rafiki yako ana kilo ngapi, na aliyemuuzia ana kilo ngapi?

#25 Mbayuwayu
Rafiki 58. Aliyeuza ni mtu mnene, zaidi ya 90 bila shaka.

#26 BiMwewe
Kisulisuli, hilo ndilo swali bora la uzi huu. Rubani amekaa mbele ya bawa, injini na mkia viko nyuma. Ukiondoa kilo thelathini na kitu mbele, kitovu cha uzito kinarudi nyuma, pua inakuwa nyepesi, ukigusa fimbo kidogo inapanda kama imeitwa. Wekeni ndege kwenye mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu, yeye akiwa amekaa na helmeti yake, mlinganishe na kitabu cha ndege. Isiruke tena kabla ya hapo. Tafadhali.

#27 NahodhaWaNchiKavu
Kwa hiyo sio macho tena?

#28 BiMwewe
Macho pia.

#29 FundiPlagi
Nauliza habari ya ekseli. Msiniambie mmeinyoosha.

#30 Mbayuwayu
Fundi mmoja wa geti na madirisha alisema anaweza kuinyoosha kwa moto.

#31 FundiPlagi
Alumini haina huruma kama chuma. Ukiipasha moto unaua ugumu wake, ukiinyoosha baridi inabaki na ufa usiouona. Bomba jipya, la kipimo kile kile na unene ule ule. Geti likianguka linaangukia mbwa.

#32 TraikiYaPwani
Naunga mkono. Na mkiwa hapo kagueni boliti zinazoshika kiti. Kutua vile mara tatu, kuna kitu kingine kimepinda hamjakiona.

#33 Mbayuwayu
Mrejesho, maana nyuzi nyingi humu zinakufa bila mrejesho.

Mizani tuliazima kwa wauza mahindi, tatu, mbili zinakubaliana na ya tatu mwenye nayo alituambia inaiba kilo moja na nusu, tukamshukuru kwa ukweli. Kitovu cha uzito kilikuwa nyuma, nje kidogo ya mpaka wa kitabu. Tuliweka kilo 15 za mchanga mbele, kwenye mifuko miwili, tukaifunga kwa mikanda kwenye bomba isihame. Tukapima tena, imeingia ndani. Ekseli ni mpya. Boliti mbili za kiti zilikuwa zimepinda, @TraikiYaPwani Mungu akubariki.

Jana tulifika kiwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, soksi ya upepo imelala. Alikaa dakika kumi mkia umebonyezwa, mimi nimeushikilia, akawa ananiuliza kama nimechoka. Akapanda futi 1,500, akafunga gesi taratibu, akashuka akasema pua inapanda kidogo. Halafu akaja kutua, gesi imebaki kidogo mpaka magurudumu yakagusa. Redio nilifunga mdomo. Alitua mara nne. Tatu safi, ya nne alidunda kidogo kwa sababu punda alitokea pembeni akamtazama.

#34 PuaChini
"Pua inapanda kidogo." Nashukuru.

#35 NahodhaWaNchiKavu
Baada ya kilo 15 mbele bado inapanda kidogo tu, ndiyo ushahidi? Aliyemwokoa ni gesi aliyobakiza. Someni #3.

#36 HewaNyembamba
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hewa ya baridi, hakuna chamchela. Mrudisheni saa saba mchana tuone.

#37 FundiPlagi
Na jeti?

#38 Mbayuwayu
Jeti tulibadilisha Ijumaa, nilisahau kuandika.

#39 BiMwewe
Mchanga, gesi, saa, macho, na jeti, vyote kwa asubuhi moja! Sasa tutajuaje? Hongera kwake lakini. Na mchana asiende kwanza, HewaNyembamba usimchochee.

#40 MbebaVitunguu
Kumbe zile kilo 15 za mchanga zimepanda nayo na imetua salama. Sasa mimi nauliza kwa heshima, si zingeweza kuwa vitunguu?

#41 BiMwewe
Vikifungwa visihame, zinaweza.